Njooni na Miguu Michafu: Kumkumbuka Daktari Hilkka Kontturi

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Uliye jikoni, punguza moto chini ya birika la kahawa. Uliye kwenye trekta, zima injini kidogo, shamba halitakimbia. Leo tuna mtu wa kumkumbuka, na mwenyewe hakupenda kusikilizwa nusunusu.

Daktari Hilkka Kontturi amefariki dunia. Mtafiti wa maradhi ya moyo. Mtoto wa Ruunakangas, hapahapa kwetu Karelia ya Kaskazini. Amefariki akiwa na miaka themanini na minne, kitandani kwake, baada ya kubishana na muuguzi kuhusu dirisha. Yeye alitaka lifunguliwe. Muuguzi alisema nje theluji inaanguka. Dirisha lilifunguliwa.

Narudia kwa mliochelewa kuwasha redio. Tunamkumbuka Daktari Hilkka Kontturi, aliyetafuta ugonjwa wa moyo kwa kamera ya joto. Kamera isiyopiga picha ya sura ya mtu, inapiga picha ya joto la mwili wake. Na alipoipata kamera hiyo, hakuielekeza kifuani. Aliielekeza miguuni.

Magazeti ya mji mkuu yameandika kwamba alikuwa "mtafiti mwenye njia zisizo za kawaida". Ah! Hayo ni maneno ya watu wenye adabu wanapotaka kusema kichaa. Sisi tuliomjua tunasema alikuwa mbishi. Mbishi wa kuzaliwa. Raija, binti wa mdogo wake, ameniambia hivi: "Shangazi akikujibu ndiyo, ujue hajalisikia swali."

Mimi mwenyewe alinitembelea studio hii mara moja, kwa mahojiano. Aliingia, akaniangalia, na kabla hata ya salamu akasema, "Vua viatu." Nikacheka. "Sijaja kucheka," akasema. "Vua na soksi." Nikavua. Fundi mitambo wangu alikuwa nyuma ya kioo, ameshika mdomo asipasuke. Daktari akavishika vidole vya mguu wangu wa kushoto, akavishika vya kulia, akakunja uso. "Sigara?" Nikasema kidogo tu. "Hakuna kidogo," akasema. "Utaacha leo." Nimeacha, wasikilizaji. Kwa hasira, lakini nimeacha.

Haya. Twende mwanzo.

Hilkka alikuwa na miaka tisa. Baba yake, Eemeli Kontturi, alikuwa mkata miti, mwanamume wa mabega mapana na kicheko cha kuamsha mbwa. Asubuhi moja alikaa mezani akapaka siagi kwenye mkate, na siagi yenyewe ilikuwa nene kama mkate. Akasema, "Kuna kitu kinanibana." Akaweka kisu chini, polepole, kama mtu aliyeshiba. Hakuinuka tena. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Arobaini na mmoja. Ushikeni umri huo, tutaurudia.

Ruunakangas wakati ule hiyo haikuwa habari ya kushangaza. Wanaume walikwenda hivyo. Mmoja msituni, mwingine zizini, mwingine kanisani katikati ya wimbo. Wanawake waliitundika nguo yao nyeusi kwenye msumari wa karibu, kwa sababu haikuwa na haja ya kuwekwa mbali. Majirani walikuja, wakanywa kahawa, wakamwambia mjane, Mama Alli, kwamba ndivyo walivyo wanaume wetu. Mama Alli akaitikia, "Ni damu yetu."

Hilkka alikuwa amesimama karibu na jiko. Akauliza, "Damu gani?"

"Nyamaza, mtoto."

"Nimeuliza tu, ni damu gani."

"Hilkka! Kalete kuni."

Alikwenda kuleta kuni. Lakini swali alitoka nalo, na hakuwahi kulitua.

Alisoma. Nani angemzuia? Alisoma udaktari, akabobea katika moyo, na wenzake walipokimbilia mji mkuu yeye akarudi huku, katika hospitali ya mkoa. Walimuuliza anarudi kufanya nini kwenye matope. Akajibu, "Ndiko wanakofia." Nyumbani alimkuta mdogo wake, Armas, akiwa mtu mzima sasa. Armas alirithi kila kitu cha baba. Mabega yale. Kicheko kile. Siagi ileile. Akaongeza tumbaku yake mwenyewe.

Sasa, kamera. Kamera ya joto ilikuwa imeletwa hospitalini kwa kazi nyingine, kazi ikashindikana, mashine ikasukumwa kwenye ujia. Ilikuwa kubwa, na nzito kama ndama. Wauguzi walitundika makoti juu yake. Hilkka aliyaondoa makoti moja moja, akauliza inafanya nini pale. Akaambiwa, "Inangoja kutupwa." Akasema basi isingoje tena.

Wazo lake lilikuwa jepesi, na mimi nililielewa hata bila viatu. Mishipa ya damu ni ya mwili mmoja. Ikianza kuziba kwenye moyo, mara nyingi imeshaanza kuziba na kwingine, na miguuni ndiko damu inakofika kwa taabu zaidi. Basi mtu anatumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi. Anaitoa, anaikausha. Kisha unaitazama kwa kamera. Mwenye mishipa mizuri, joto linarudi vidoleni upesi, na kwenye kioo cha kamera unaona wekundu unatambaa mpaka kwenye kucha. Mwenye mishipa mibovu, vidole vinabaki vyeusi. Vinakaa vyeusi, na wewe unakaa unavitazama.

Mkubwa wake wa utafiti alikuwa Profesa Stenroos wa mji mkuu. Huyu alikuwa mtu wa tai na kalamu ya dhahabu. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bibie, moyo uko kifuani. Wewe unapiga picha nyayo."

"Sinki likiziba, Profesa, fundi wako anafungua bomba la wapi?"

"Basi angalau piga picha mikono. Itakuwa na heshima zaidi."

"Wanaume wangu ni wakata miti. Mikono yao imeharibiwa na mtikisiko wa msumeno wa injini, itanidanganya. Lakini msumeno hawaushiki kwa miguu."

Akapewa mwaka mmoja. Mwaka mmoja, na kamera iliyokuwa inangoja kutupwa.

Wanaume wa Ruunakangas siku za wiki walikuwa msituni. Siku pekee waliyopatikana ni Jumamosi. Kwa hiyo kila Jumamosi jioni walipelekwa hospitalini kwa basi la kijiji, wamechana nywele, mashati meupe, mashavu yanang'aa. Walikaa wamenyooka kama watoto wa kipaimara. Wakavua viatu, wakatumbukiza, wakatoa. Na kamera ikaonyesha wekundu. Huyu mwekundu. Yule mwekundu. Mzee ambaye tayari moyo wake ulishamwangusha mara moja, mwekundu mpaka kwenye kucha. Armas naye mwekundu.

"Miguu yako mizuri," Hilkka alimwambia mdogo wake, kwa furaha kabisa.

"Si nilikwambia?" Armas akasema. "Haya, nipitishie siagi."

Hilkka hakulala vizuri, lakini alizipeleka picha zake mji mkuu zilivyo. Mtafiti mkweli hana namna nyingine. Mgonjwa na mzima walikuwa sawa kwenye picha zake, hakuna tofauti hata kidogo. Ukumbi wa maprofesa ulijaa. Profesa Stenroos alisimama, akarekebisha tai. "Daktari Kontturi ametuthibitishia jambo moja," akasema. "Kwamba watu wa Karelia wana miguu yenye joto zuri." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akatangaza papo hapo kwamba utafiti umefungwa na kamera itachukuliwa Jumatatu.

Raija anasema shangazi yake hakuwahi kusimulia safari ya kurudi kwa treni. Alisema tu kwamba alishuka, na badala ya kwenda kwake mjini akaenda kwa mama yake.

Ilikuwa Ijumaa, mchana. Armas hakwenda kazini siku ile, kwa sababu alikuwa amepangiwa kupigwa picha mara ya pili na hakuna aliyemwambia kwamba mambo yamekwisha. Hilkka alimkuta anatoka sauna, kile chumba chetu cha kuogea kwa mvuke, moshi unamtoka mabegani, taulo kiunoni, anaimba. Alikuwa na miaka arobaini. Mwaka mmoja nyuma ya baba.

"Sauna siku ya Ijumaa?" Hilkka akauliza. "Nani kafa?"

"Hujafa wewe? Nasikia wamekucheka." Alikuwa na mdomo, Armas. "Si ninakuja kupigwa picha?"

"Unakuja kupigwa picha. Sauna ya nini?"

Armas akamtazama dada yake kama anayemtazama mtu aliyepoteza akili. "Dada. Miguu hii imekaa ndani ya buti la mpira tangu Jumatatu. Unataka nimwonyeshe daktari?"

"Daktari ni mimi!"

"Hata kama. Sisi tuna adabu."

"Sisi nani?"

"Sisi sote. Unadhani basi lile tunalipandia wapi? Tunatoka kwenye mvuke, tunavaa, tunapanda. Urho wa gari la maziwa yeye anaingia mara mbili, maana anajijua."

Hilkka akakaa kwenye ngazi, palepale kwenye theluji, na koti lake zuri la mji mkuu. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka mama yake akatoka nje kuuliza kuna nini. Halafu hakuwa anacheka tena, alikuwa analia.

Wasikilizaji wapendwa, mmeelewa kilichotokea? Nasema tena. Mwaka mzima alikuwa anapima miguu iliyotoka sauna. Miguu iliyochemshwa, ikachapwa kwa matawi mabichi, ikasuguliwa mpaka ikaiva. Mguu wa maiti ungetoka mwekundu! Na hakuna aliyemdanganya. Walimheshimu, basi. Na yeye, mtoto wa kijiji kilekile, hakuuliza, kwa sababu hata yeye tangu utoto alizoea sauna ya kila Jumamosi jioni. Angeuliza nini? Huulizi watu kama wamepumua.

Na hapo ndipo hofu ilipomshika, maana alikumbuka alichomwambia mdogo wake. Miguu yako mizuri. Hakuwa na picha yoyote ya kweli ya mtu huyu mwenye mabega ya baba na umri wa baba.

Siku hiyo ni Ijumaa. Jumatatu kamera inaondoka.

Mtu mwingine angeandika barua ya kuomba muda. Hilkka alirudi hospitalini, akaiweka kamera kwenye gari la maziwa la Urho, akaifunika kwa mablanketi, akaipeleka Ruunakangas. Nilimuuliza Raija kama huo haukuwa wizi. "Aliiazima," Raija akasema. "Bila kuuliza."

Jumamosi asubuhi akawakusanya wanaume kwenye ukumbi wa kijiji. Akasimama mbele ya meza ya kahawa, hajachana nywele, sauti imekauka.

"Leo nataka mje kabla ya sauna," akasema. "Njooni mlivyo. Njooni na miguu michafu."

Mtu mmoja akakohoa. Urho akainua mkono kama mwanafunzi. "Michafu kiasi gani, Daktari?"

"Kama ilivyo ndani ya buti."

"Hapana," Urho akasema. "Hilo haliwezekani. Wewe ni mtu uliyesoma."

"Mimi ni Hilkka wa Eemeli, nimefua soksi zako ulipovunjika mguu!"

Mama Alli alikuwa anamimina kahawa, uso umemwiva kwa aibu. "Mwanangu, usiwadhalilishe watu."

"Mama, nimechekwa na ukumbi mzima wa maprofesa. Nimebaki na aibu ya nani ya kuogopa?" Akawageukia wanaume. "Nyinyi mnaona haya kunuka mbele yangu. Sawa. Mkishakufa mtanuka mbele ya nani? Baba yangu alikufa msafi. Alikuwa ameoga jana yake. Imemsaidia nini? Wazee wenu wote tumewazika wasafi! Sasa mimi nawataka wachafu, na hai. Asiyetaka, mlango ule pale, aende akafie kwenye siagi yake."

Hakuna aliyetoka. Ila walitoa sharti, na hakuna Mkarelia atakayewalaumu kwa sharti hilo. Sauna iwe inachemka hapohapo, pembeni, na kila mtu akishapigwa picha aingie mara moja. Kazi ifanyike kwenye chumba cha kuvulia nguo cha sauna ya Kontturi. Hilkka akakubali. Akafunga mlango wa mvuke, akakitengeneza chumba kiwe na joto la kawaida tu, akawakalisha kwanza watulie. Maji ya beseni yalichotwa ziwani, kwenye tundu la barafu.

Raija alikuwa mtoto, anachungulia dirishani, na harufu anaikumbuka mpaka leo. "Utomvu, petroli, jasho na mpira," anasema. "Baba na wenzake walikaa kwenye benchi, hakuna anayemtazama mwenzake. Walikuwa wanaume wakubwa, na walikuwa wamekunja vidole vya miguu visionekane."

Na kamera ikasema. Miguu ya kijana wa kwanza ikarudisha joto upesi, nyekundu safi. Ya wa pili vivyo hivyo. Ya mzee yule aliyewahi kuanguka ikabaki nyeusi, kama Hilkka alivyotarajia tangu mwanzo. Ya Urho ikawa nusunusu. Hilkka akaandika yote kwenye daftari.

Kisha Armas. Akatumbukiza, akatoa, akajikausha. Wakangoja. Kwenye kioo vidole vilikuwa vyeusi. Wakangoja tena. Weusi ulikuwa umepanda mpaka katikati ya wayo, na haukushuka.

"Kamera yako imeganda," Armas akasema, akasimama. "Haya, sauna imeiva."

"Kaa chini."

"Nimekaa vya kutosha."

Hilkka akaenda akasimama mbele ya mlango wa mvuke. "Huingii."

Wanaume waliokuwa wanavua mashati wakaacha mikono hewani. Ruunakangas hakuna mtu aliyewahi kuzuiwa mlango wa sauna. Hata adui humzuii.

"Umesema?" Armas akauliza.

"Umenisikia. Huingii kwenye mvuke leo. Unaingia garini, tunakwenda hospitali."

"Dada, leo ni Jumamosi."

"Najua leo ni nini."

"Juzi kamera hiihii ilisema miguu yangu mizuri. Leo mibaya. Kesho itasema nina mimba?"

Wenzake wakacheka. Hilkka hakucheka. "Juzi nilikosea mimi," akasema. "Nilikosea mbele ya maprofesa, na kibaya zaidi nilikosea mbele yako. Leo sikosei. Ukipanda ngazi unabanwa hapa, kweli si kweli?"

Armas akatazama pembeni. "Toka mlangoni."

"Nitoe."

Angeweza kumwondoa kwa mkono mmoja. Akaweka mkono begani kwa dada yake, kweli akauweka. Na hapo Mama Alli akaingia na ndoo ya maji, akaiona ile hali, akaiweka ndoo chini.

"Armas," akasema. "Baba yako alipoweka kile kisu mezani, alikuwa mkubwa kwako kwa mwaka mmoja tu. Na huyu dada yako aliuliza swali siku ile, mimi nikamtuma kuni. Simtumi kuni tena. Vaa buti."

Armas alisimama, anapumua. Halafu akakaa, akavaa buti. Mlangoni akawageukia wenzake kwa hasira. "Mniachie mvuke," akasema. "Nikirudi niukute."

Hakurudi jioni ile. Walimpima, wakakuta mishipa miwili ya moyo imebaki uwazi wa kupita uzi. Daktari wa zamu aliuliza amewezaje kutembea. Wakampeleka mji mkuu, akapasuliwa, kwenye jengo lilelile la Profesa Stenroos. Hilkka alipanda ghorofani kwa Profesa, na buti za kijijini, akamwekea picha mbili mezani. Moja baada ya sauna, moja kabla.

Profesa alizitazama kwa muda. "Ulibahatisha," akasema. "Mtu mmoja si utafiti."

Na hapo, wasikilizaji, tuseme ukweli, maana marehemu angenikaripia nisiposema: Profesa alikuwa na haki kidogo. Mtu mmoja si utafiti. Kuna jamaa Jumamosi ile alionekana mweusi wa kutisha, wakamkimbiza hospitali, ikagundulika alikuwa amevaa soksi za mwanawe, zimemkaba. Hilkka aliyajua hayo yote. Kwa hiyo alifanya kazi. Alipewa onyo kwa ile kamera, akaitundika karatasi ya onyo chooni kwake, akaendelea. Miaka kwa miaka alizunguka vijiji, anapima miguu ambayo haijaoga. Waliokuwa weusi aliwapeleka kupimwa moyo. Waliokuwa wekundu aliwapigia kelele kuhusu siagi na sigara hata hivyo. Njia yake haikuingia vitabuni. Zilikuja mashine bora, zinazoona moyo wenyewe. Hakupewa tuzo. Alipoulizwa kama anasikitika, alisema, "Mimi nilitaka wanaume hai, sikutaka sahani ya tuzo ukutani."

Alikutana na Profesa Stenroos mara ya mwisho wote wakiwa wastaafu, kwenye chakula cha mchana cha madaktari. Profesa akamtania mbele ya watu: "Kontturi! Bado unaamini ile bahati yako?" Hilkka akamaliza kutafuna. Akasema, "Bahati yangu ina wajukuu, Profesa. Mmoja kanipiga na mpira wa theluji asubuhi hii."

Jumamosi iliyopita tulimzika. Daktari Hilkka Kontturi, mtafiti wa moyo, amezikwa Ruunakangas karibu na baba yake. Kampuni ya mazishi ilileta vijana wenye nguvu, glovu nyeupe, wa kubeba jeneza. Vijana hao hawakubeba kitu. Armas, miaka themanini na mmoja, aliwasogeza kwa fimbo. Nyuma yake alikuwa Urho, na wazee wengine wa benchi lile, waliobaki. Mmoja ana nyonga ya chuma. Mchungaji akawasihi: "Wazee wangu, njia ina barafu. Waachieni vijana."

"Wewe hubiri, Mchungaji," Armas akasema. "Kubeba ni kazi yetu."

Walimbeba. Walisimama njiani mara nyingi, na kila waliposimama sisi sote tulisimama. Kijiji ambacho wajane wake walizoea kufuata jeneza la mume kijana kilikuwa kinatazama wanaume wenye mvi wakimbeba mwanamke mzee.

Nilikuwa karibu, nikasikia harufu. Kijana mmoja wa glovu aliisikia pia, akaziba pua. Mashati yalikuwa meupe, tai nyeusi zimefungwa vizuri, lakini miguuni walivaa mabuti ya mpira. Raija akamwinamia baba yake, akamnong'oneza kwa mshtuko, "Baba, hamkuoga?"

"Bado," Armas akasema, kwa sauti ya kanisa zima.

"Siku ya mazishi?"

"Alituambia tuje hivi. Sauna baadaye."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio yenu natoa pole kwa familia ya Kontturi. Pole Armas, pole Raija, pole kwa wajukuu na kwa Ruunakangas nzima. Pole na kwa muuguzi wa dirisha, ambaye nasikia amelia kuliko wote.

Na kwako unayenisikiliza huku kifua kinakubana ukipanda ngazi, na umemwambia mkeo ni uchovu tu: acha uongo. Jitafakari leo. Nani kakwambia ni damu yenu? Na ulipoambiwa hivyo, uliuliza damu gani, au ulikwenda kuleta kuni? Nenda kapimwe. Ukiona haya, nenda na haya zako.

Nina jambo moja la mwisho. Baada ya mazishi, wazee walikwenda moja kwa moja kwenye sauna ya Kontturi, ileile. Raija alikuwa anachota maji. Anasema wenzake walishaingia, na Armas alikuwa wa mwisho. Alivua mabuti. Akafika kwenye mlango wa mvuke, akasimama. Mlango ulikuwa wazi, hakukuwa na mtu.

Armas akaitazama nafasi ile, kisha akasema taratibu, "Haya, dada. Nipishe sasa."

Akangoja kidogo, kisha akaingia.